Uzazi wa mpango: Waume wa Kanda ya Ziwa wasiisingizie dini

SIFA zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema hadi siku ya malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, miaka michache iliyopita nilialikwa kutoa darsa katika msikiti wa kijiji kimoja cha wavuvi wilayani Sengerema, mkoani Mwanza. Zilikuwa siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa hupumzika kwa kuwa taa zao hazifui dafu mbele ya mwanga wa mwezi. Kwa hiyo wanaume walikuwa nyumbani na msikiti ulijaa. Tulipomaliza, ilipitishwa kutoka nyuma ya pazia la akina mama karatasi iliyokunjwa mara nne, isiyo na jina. Mwandishi wake alisema ana watoto saba, na wa mwisho bado ananyonya. Mumewe humwambia kwamba kuzuia mimba ni sawa na kuua. Kisha akauliza: iwapo atakwenda zahanati kuchomwa sindano bila mumewe kujua, atamkabili vipi Mola wake siku ya Kiyama?

Nakiri kwamba sikulijibu swali lile. Niliitazama safu ya waume waliokaa mbele yangu, nikaikunja karatasi na kusema kuwa muda umekwisha. Siku hizo Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, lilikuwa bado, na tulikuwa tukivuka kwa kivuko. Nilivuka nikiwa na karatasi ile mfukoni na uzito kifuani. Makala haya ni jibu langu kwa mama yule, japokuwa limechelewa.

Kwanza tuitazame hali ilivyo. Uzazi wa mpango si jambo geni nchini mwetu. Chama cha UMATI kilianzishwa mwaka 1959, kabla hata ya uhuru. Mpango wa taifa wa uzazi wa majira ulianza mwaka 1989, na nembo ya nyota ya kijani imekuwa katika kuta za zahanati tangu miaka ya 1990. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa ni wanawake 31 tu katika kila 100 walioolewa wanaotumia njia za kisasa. Wengine 21 katika kila 100 wangependa kupumzika au kukoma kuzaa lakini hawatumii njia yoyote. Kijijini mwanamke huzaa kwa wastani watoto watano na nusu, na mjini chini ya wanne. Kanda ya Ziwa, ambamo Mwanza imo, kwa miaka mingi imekuwa nyuma ya kanda za kusini na za kaskazini katika matumizi ya njia hizi.

Watu wa mjini wakiulizwa sababu, aghalabu hutaja mbili: ujinga na dini. Wale walioulizwa wenyewe wametoa majibu mengine. Mwaka 2016 taasisi ya Guttmacher ya Marekani ilikusanya majibu ya wanawake walioolewa wa nchi 52 zinazoendelea, ambao hawataki mimba na bado hawatumii kinga. Wanawake 26 katika kila 100 walitaja hofu ya madhara ya kiafya, na 24 walisema hukutana na waume zao kwa nadra. Wengine 23 walisema wao wenyewe au watu wao wa karibu wanapinga, na 20 walisema wananyonyesha au hedhi haijarudi tangu wajifungue. Waliosema hawazijui njia hizo walikuwa wachache sana. Kwa hiyo mwanamke wa kijijini si mjinga kama anavyodhaniwa. Ana sababu zake, na ni wajibu wetu kuzisikiliza moja baada ya nyingine.

Tuanze na hiyo ya kukutana kwa nadra. Mwambao wa Ziwa Victoria na visiwa vyake, Ukerewe, Kome, Maisome na vinginevyo, huishi kwa kalenda ya ziwa. Mvuvi huenda kambini siku za giza na kurudi mwezi unapong'aa, na wapo wanaohama kutoka mwalo hadi mwalo kwa miezi wakifuata samaki. Mkewe hubaki akianika dagaa na kulima mihogo. Mke huyo hujiuliza: nimeze vidonge kila siku kwa ajili ya mume anayekuja wiki moja kwa mwezi? Akimeza, maneno hayakosekani. Mume hurudi na kuuliza: mimi nilikuwa kambini, dawa hizi ulikuwa unazinywa kwa ajili ya nani? Kwa mke mwema shutuma hiyo ni nzito kuliko mimba ya nane, naye huchagua mimba.

Ya pili ni kunyonyesha. Wanawake wengi wanaamini kuwa maadamu mtoto ananyonya, mimba haiingii. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo una mipaka. Wataalamu wanasema kinga hiyo hutegemewa iwapo mtoto hajafikisha miezi sita, ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi ya mama haijarudi. Sharti moja likikosekana, mlango umefunguka. Mama anayeanza kumpa mtoto uji mwezi wa tatu, akadhani bado amekingwa, hushtukia tumbo limekua.

Ya tatu ni hofu ya madhara, na hapa wengi wetu huwadharau wanawake pasipo haki. Ni kweli kuwa sindano ya miezi mitatu huvuruga mzunguko wa hedhi. Damu huweza kuja ovyo kwa wiki, kisha ikakatika kwa miezi. Ni kweli pia kuwa mwanamke akiacha sindano, uzazi huchelewa kurudi kwa miezi kadhaa, hata kufikia mwaka. Sindano haiui kizazi, lakini mwanamke ambaye hakuambiwa mapema kwamba atachelewa ataamini imekiua, na jirani zake wote wataamini hivyo.

Kwa mwanamke wa Kiislamu kuna jambo la ziada ambalo muuguzi hawezi kulijibu nasi masheikh hatulisemi. Damu ikimtoka siku 20, je, aswali? Je, afunge Ramadhani? Je, ni halali kwa mumewe? Akikosa wa kumwambia, huacha sindano ili ainusuru swala yake. Ilhali jibu limo katika vitabu vyetu vya fiqhi tangu zamani. Sahaba Fatima bint Abi Hubaysh (R.A.) alimwendea Mtume (S.A.W.) akilalamikia damu isiyokatika, naye akafundishwa kuwa hiyo ni damu ya mshipa, si hedhi. Mwanamke mwenye ada inayojulikana huhesabu siku zake za kawaida kuwa hedhi. Zinazozidi ni istihadha, naye huoga, hujihifadhi, hutawadha kwa kila swala ya faradhi, huswali na kufunga. Kwa rai ya wanavyuoni walio wengi ni halali pia kwa mumewe. Ni imamu gani wa mwambao aliyelifundisha hili kwa akina mama mwaka huu?

Ya nne ndiyo mzizi wa zote: neno la mwisho ni la mume. Mwaka 2013 mtafiti Idda Mosha na wenzake walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na wanandoa wa mkoa wa Mwanza. Mwaka 2019 watafiti wa Bugando na wenzao wa Marekani nao walichapisha yao, baada ya kuzungumza na wanaume na wanawake, Wakristo kwa Waislamu, kaskazini-magharibi mwa nchi. Wote walikuta jambo lile lile: mume ndiye huamua, wanandoa hawazungumzi, na baadhi ya wake hutumia njia hizi kwa siri. Sindano hupendwa kwa sababu haiachi alama, na kadi huachwa zahanati au kwa shoga.

Ukimuuliza mume wa namna hiyo msingi wa mamlaka yake, atakutajia dini. Umchimbe zaidi, utakuta ng'ombe. Katika desturi za Usukumani ng'ombe wa mahari hutolewa kwa wazazi wa binti, na mume huona kuwa amelipia uzazi wa mkewe. Mke akisema amechoka, huulizwa ng'ombe watarudi lini. Uislamu haujui mahari ya namna hiyo. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ameamrisha wanawake wenyewe wapewe mahari yao, kuwa hidaya. Mahari ni mali ya mke na si bei ya tumbo lake. Kwa hiyo Mwislamu anayemnyamazisha mkewe kwa hoja ya ng'ombe asimame hapo hapo kwenye ng'ombe wake, asikimbilie Qur'an.

Sharia inasemaje?

Sahaba Jabir bin Abdillah (R.A.) alisimulia kuwa wao walikuwa wakifanya azl, yaani mume kujitenga ili mbegu isiingie, wakati ambapo Qur'an ilikuwa ikiteremka. Imepokewa na Bukhari na Muslim, na katika mapokezi ya Muslim imo kuwa habari hizo zilimfikia Mtume (S.A.W.) naye hakuwakataza. Ipo pia hadithi ya Judama bint Wahb (R.A.) inayolitaja jambo hilo kwa ukali kuwa ni kuzika kwa siri. Ibn Hazm aliishikilia akaharamisha. Lakini wanavyuoni walio wengi wameziunganisha hadithi hizo wakasema kuwa ni jambo linaloruhusiwa, ijapokuwa wapo walioona kuliacha ni bora. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliruhusu azl. Miongoni mwa nia alizozikubali ni kumlinda mke na hatari ya uzazi na kuepuka dhiki ya wingi wa watoto. Aliyoikataa ni ya mtu anayeogopa kupata mabinti. Akabainisha pia kuwa kuzuia mimba isitunge si sawa na kuitoa iliyokwisha kutunga.

Basi yule anayesema kuwa kuzuia mimba ni kuua anazichanganya aya. Suratul-Israa, aya ya 31, inakataza kuwaua watoto kwa kuogopa umaskini. Aliyekwisha kuumbwa ndiye huuawa. Kutoa mimba kuna hukumu yake nzito, na hapa hatukufungulii mlango.

Mwezi Desemba mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait na kutoa azimio ambalo ningependa libandikwe katika kila msikiti wa mwambao. Lilikataza kutunga sheria ya jumla ya kuwawekea watu mipaka ya uzazi. Lilikataza kukata kizazi cha mume au mke moja kwa moja, isipokuwa kwa dharura inayotambuliwa na sharia. Kisha likaruhusu kuzuia mimba kwa muda, ili kuachanisha uzazi au kuusimamisha kwa kipindi. Masharti yake ni kuwepo haja inayokubalika kisharia kwa makadirio ya wanandoa wenyewe, mashauriano na ridhaa baina yao, kutokuwepo madhara, njia yenyewe kuwa halali, na kutoishambulia mimba iliyopo.

Ndugu msomaji, liangalie neno mashauriano. Msingi wake umo katika Suratul-Baqarah, aya ya 233. Aya hiyo inawaelekeza akina mama kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Inakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe. Nao wazazi wakitaka kumwachisha mtoto kabla ya muda huo, inawataka wafanye hivyo kwa kuridhiana na kushauriana. Ikiwa kumwachisha mtoto ziwa kunahitaji shauri la wawili, itakuwaje kumbebesha mama mimba nyingine kuwe ni amri ya mmoja? Ndiyo maana wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali wamesema kuwa mume hana ruhusa ya kufanya azl bila idhini ya mkewe, kwani mke ana haki katika mtoto. Na wengi wamesema vilevile kuwa mke asizuie bila ya mume. Haki hii ni ya wawili, hakuna mwenye kuimiliki peke yake.

Na miaka hiyo miwili si geni katika desturi zetu. Wazee wetu walimwita mtoto aliyedhoofu kwa kufuatiwa upesi kuwa amebemendwa, na ilikuwa aibu kwa baba na mama. Walikuwa na kuachanisha uzazi kabla ya vidonge kufika nchini. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri kuwa baada ya mama kujifungua, ipite angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine, kwa afya ya mama na watoto wote wawili. Lililoshauriwa na madaktari linapatana na muda wa kunyonyesha uliotajwa katika aya.

Hoja za wapinzani

Ziko hoja ambazo hatuna haki ya kuzipuuza. Wapo wanaosema riziki ni ya Mungu. Hilo ni kweli, na hakuna Mwislamu anayelipinga. Lakini kumwamini Mwenye kuruzuku hakumzuii mvuvi kutazama mawingu kabla ya kusukuma mtumbwi. Wapo wanaosema Mtume (S.A.W.) amehimiza tuoe wanawake wenye mapenzi na uzazi ili ajivunie wingi wetu. Ni kweli pia. Hata hivyo, mama akifariki katika uzazi wa nane akaacha mayatima, umma haukuongezeka kwa yeye kufa.

Wapo wanaoshuku mkono wa wageni, na shaka yao haikutoka hewani. Mkutano wa idadi ya watu uliofanyika Cairo mwaka 1994 ulipingwa na wanavyuoni wa Al-Azhar kwa baadhi ya vipengele vya rasimu yake, na Saudi Arabia haikuhudhuria. Hapa nchini pia viongozi wamelitazama jambo hili kwa macho tofauti. Mwaka 2018 hayati Rais John Magufuli, akiwa Meatu mkoani Simiyu, aliwashauri wananchi wasipange uzazi. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa mkoani Geita, aliwahimiza wapunguze kasi ya kuzaa. Raia mwema huwasikiliza viongozi wake. Lakini chumba cha mke na mume hakiendeshwi kwa hesabu ya taifa, iwe ya kuzidisha au ya kupunguza. Mama yule wa Sengerema hakuniuliza kuhusu idadi ya Watanzania. Aliuliza kuhusu mwili wake, mtoto wake anayenyonya na Mola wake.

Jibu langu kwake

Basi, mama yangu, popote ulipo, hili ndilo jibu nililopaswa kukupa siku ile mbele ya mumeo.

Kupumzisha uzazi kwa njia ya muda isiyodhuru si kuua. Mumeo amekosea, na asiitumie tena hoja hiyo. Jambo hili ni la ridhaa yenu wote wawili, kwa hiyo anza kwa kulizungumza. Mwambie kuwa mtoto ana haki ya ziwa lake. Akikataa kusikia, mshirikishe mtu anayemheshimu, imamu au mjomba wake. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 35, kuweka mwamuzi kutoka upande wa mume na mwamuzi kutoka upande wa mke panapohofiwa mfarakano. Siri si njia ninayokupendekezea, kwani ikifichuka huvunja nyumba. Lakini iwapo mganga mwaminifu na mjuzi amekuambia kuwa mimba nyingine itahatarisha maisha yako, hapo sharia inaitanguliza roho yako, na kukataa kwa mumeo hakuna nguvu ya kukupeleka kaburini. Wala usiende kufunga kamba za mganga kiunoni. Hizo hazizuii mimba, na zinaiharibu tauhidi yako.

Nawe mume, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tumbo si lako, uchungu si wako, na safari ya usiku kwa mtumbwi kuelekea hospitali ukiwa unavuja damu hujaifanya. Ikiwa mkeo anaficha kadi ya zahanati, kabla ya kumtuhumu jiulize umemfanya nini hata akakuogopa kuliko anavyoiogopa sindano. Siku za mbalamwezi uwapo nyumbani, fuatana naye zahanati, ukae kwenye benchi, usikie kwa masikio yako mwenyewe.

Nanyi maimamu wenzangu wa mwambao, kosa nililolifanya siku ile msilirudie. Tuifundishe aya ya 233 juu ya mimbari, na tuifundishe istihadha kwa akina mama bila haya isiyo na mahali. Wauguzi nao wamweleze mwanamke ukweli wote wa kila njia, pamoja na maudhi yake, kabla hajachagua. Wamkaribishe mumewe, na wasimsukumie mtu kufunga kizazi kama vile ni sawa na vidonge.

Karatasi ile ningali nayo. Imechakaa kwenye mikunjo, lakini maandishi yake yanasomeka.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wale wanaokaa na wake zao kwa wema, awahifadhi mama zetu katika uzazi wao, na atusamehe kwa haki tuliyoijua tukaacha kuisema. Amin. Wallahu a'alam.